KUHUKUMU NA KUTOHUKUMU KATIKA NYARAKA ZA PAULO: TATIZO LA MAANA NA LA TAFSIRI

1. Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni kuchunguza tatizo moja la maana linalomkabili kila msomaji wa Kiswahili anayezisoma kwa makini nyaraka za Wakristo wa mwanzo. Katika nyaraka hizo, na hasa katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, mwandishi yule yule anawakataza wasomaji wake kuhukumu, na kurasa chache baadaye anawakemea kwa sababu hawakuhukumu. Je, huku ni kujipinga? Au mgongano huo umo zaidi katika lugha tunayosomea kuliko katika fikra za mwandishi?

Swali hili sikulipata maktabani. Miaka michache iliyopita nilialikwa kama jamaa kuhudhuria kikao cha wazee wa kanisa moja la ufuoni mwa Ziwa Viktoria, upande wa Kenya. Mjane mmoja alikuwa ameshitakiwa kwamba baada ya kufiwa alikubali kukaa na jater, yaani mwanamume wa ukoo anayemsimamia mjane kwa desturi ya tero. Wazee walitaka atengwe na Meza ya Bwana. Mzee mmoja alisimama akasoma sura ya 5 ya waraka huo, mahali ambapo kanisa linaamriwa kuwahukumu walio ndani. Alipoketi, mwana wa yule mjane aliomba ruhusa kwa heshima, akafungua kitabu kile kile, akarudi nyuma ukurasa mmoja tu, akasoma sura ya 4, mahali ambapo wasomaji wanakatazwa kuhukumu neno lolote kabla ya wakati wake. Pakawa kimya. Kisha mzee mwingine akasema, "Mwanangu, basi Paulo alisahau aliyoyaandika jana?" Hakuna aliyemjibu, na mjane akatengwa.

Mimi mwenyewe sikuwa na jibu, ingawa nilikuwa nimepata kusoma Kiyunani kidogo nilipokuwa masomoni ng'ambo. Makala haya ni jaribio la kulijibu swali la mzee yule, kwa njia inayotuhusu sisi wanafunzi wa lugha. Tutaeleza kwanza mgongano wenyewe, kisha tutachambua vitenzi vya Kiyunani na namna vilivyotafsiriwa, halafu tutalinganisha neno hukumu la Kiswahili na msemo wa Dholuo wenye maana iliyo karibu. Mwisho tutatazama muktadha wa Korintho, na mfano mmoja wa historia ya Nyanza.

2. Mgongano wenyewe

Tukiziweka nyaraka hizi kando kando, twapata makundi mawili ya mafundisho.

Kundi la kwanza linakataza. Katika Warumi 2, anayemhukumu mwenziwe anaambiwa kwamba hana udhuru, kwa kuwa anatenda yale yale. Katika Warumi 14, walao nyama na walao mboga, waadhimishao siku fulani na wasioziadhimisha, wote wanaambiwa waache kuhukumiana, kwa kuwa mtumishi husimama au huanguka mbele ya bwana wake mwenyewe. Katika 1 Wakorintho 4, Paulo anasema kuwa kwake si kitu kuhukumiwa na wanadamu, na hata yeye hajihukumu. Na Yakobo, katika sura ya 4 ya waraka wake, anasema kwamba mtoa sheria na mwamuzi ni mmoja tu, kisha anamwuliza msomaji yeye ni nani hata amhukumu jirani yake.

Kundi la pili linaamuru. Katika 1 Wakorintho 5, kanisa linakemewa kwa kumvumilia mtu aliyemchukua mke wa babaye. Linaambiwa limwondoe, na kwamba ni wajibu wake kuwahukumu walio ndani. Katika sura ya 6, Wakristo wanaopelekana mbele ya mahakimu wa kipagani wanatiwa haya: watakatifu watauhukumu ulimwengu, wao wanashindwaje kuamua mambo madogo? Katika sura ya 11, wasomaji wanaambiwa kwamba kama wangejipima wenyewe wasingehukumiwa. Na katika sura ya 2, mtu wa rohoni anasemwa kuwa anayapima mambo yote, naye hapimwi na mtu.

Yafaa ikumbukwe kwamba mifano mingi kati ya hii inatoka katika waraka mmoja, ulioandikwa kutoka Efeso yapata miaka ya 53 hadi 55. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba mwandishi alibadilisha mawazo yake uzeeni. Sura ya 4 na ya 5 ni majirani.

3. Vitenzi vya Kiyunani na neno moja la Kiswahili

Katika Kiyunani, mafundisho hayo yanajengwa juu ya jamii moja ya vitenzi, ambayo shina lake ni krinein. Maana ya asili ya shina hili ni kutenga kitu na kitu. Mama mchuuzi wa pwani ya Dunga, karibu na mji wa Kisumu, achambuapo omena, akaondoa mchanga na visamaki vya aina nyingine, anafanya kazi ambayo shina hili liliihusu hapo mwanzo. Kutokana na kutenga zikazaliwa maana za kuchagua, kuona kuwa, kuamua, kuazimu, kukata shauri, na mwishowe kutoa hukumu barazani.

Shina hilo likiongezewa viambishi vya mwanzo hutoa vitenzi vingine. Anakrinein ni kuchunguza kwa kuhoji, kama afanyavyo hakimu kabla hajatoa uamuzi. Diakrinein ni kupambanua, kutofautisha, na pia kuamua kati ya wawili. Katakrinein ni kumtia mtu hatiani na kumpasisha adhabu. Vitenzi hivi vinne ni ndugu, bali havikai nyumba moja.

Tukiigeukia Biblia ya Kiswahili ya Muungano, iliyotolewa mwaka 1952 na ambayo hadi leo ndiyo isomwayo katika makanisa mengi ya Kenya na Tanzania, twaona mambo mawili yanayotofautiana.

Jambo la kwanza ni kwamba kitenzi kimoja cha Kiyunani kimegawanywa. Mfano mzuri ni anakrinein. Katika nyaraka zote za Paulo, kitenzi hiki kinapatikana mara 10, na zote 10 zimo katika 1 Wakorintho. Ni dhahiri kwamba lilikuwa neno la Wakorintho wenyewe, au angalau neno lililokuwa midomoni mwao wakati wa ugomvi ule. Katika sura ya 2 wafasiri wametumia kutambua. Katika sura ya 4 wametumia kuhukumu. Katika sura ya 10, inapozungumzwa nyama iuzwayo sokoni, wametumia kuuliza-uliza. Na katika Matendo ya Mitume 17, ambapo watu wa Beroya wanayapitia maandiko, kitenzi hicho hicho kimekuwa kuchunguza. Kila tafsiri inafaa mahali pake. Lakini msomaji wa Kiswahili hawezi kujua kwamba yule mtu wa rohoni asiyetambuliwa na mtu katika sura ya 2, na Paulo asiyejali kuhukumiwa na Wakorintho katika sura ya 4, wameunganishwa kwa uzi mmoja. Msomaji wa Kiyunani angeusikia mara moja. Angeelewa kwamba Paulo anawaambia: ninyi mnajiita watu wa rohoni wenye kuchunguza yote, na sasa mmeanza kunichunguza mimi.

Jambo la pili ni kinyume cha hilo: vitenzi tofauti vimemezwa na neno moja. Katika aya tatu zinazofuatana za sura ya 4, yaani aya ya 3 hadi ya 5, Paulo anatumia kwanza anakrinein, kisha katika katazo lenyewe anahamia kwenye krinein. Anatoka kwenye uchunguzi, anafika kwenye kauli ya mwisho. Kiswahili kinatupa hukumu mwanzo hadi mwisho, na ngazi ile imepotea.

Hata hivyo, haki itendeke kwa wafasiri wale. Mahali pengi walikuwa waangalifu sana. Katika sura ya 11 walitumia kupambanua kwa diakrinein, na kuhukumu kwa krinein, wakaiacha wazi tofauti kati ya mtu kujipima na mtu kuhukumiwa. Katika sura ya 2, Paulo anaposema alikata shauri asijue neno jingine ila Kristo, krinein imekuwa kuazimu. Na katika Warumi 14:13, ambapo mwandishi anacheza na neno kwa kusema wasihukumiane bali waamue jambo hili, wafasiri waliuhifadhi mchezo huo kwa kurudia shina la hukumu. Tatizo basi halitokani na uzembe. Linatokana na uzito wa neno hukumu lenyewe.

4. Hukumu na bura

Neno hukumu limetoka katika Kiarabu, katika mzizi wa ḥ-k-m, ambao umetupatia pia hakimu, mahakama na hekima. Katika Kiarabu mzizi huu unahusiana na kuzuia: ḥakama ni sehemu ya lijamu inayomzuia farasi. Hukumu na hekima, kwa asili, ni ndugu wa tumbo moja, na katika matumizi ya zamani ya pwani kuhukumu kulimaanisha pia kutawala.

Lakini maana hutembea. Katika Kiswahili cha leo, mtu akisema "fulani amehukumiwa," msikilizaji huuliza, "Miaka mingapi?" Hatuulizi alihojiwaje wala shauri lilipimwaje. Twauliza adhabu. Kwa maneno mengine, hukumu ya Kiswahili imesogea mbali na krinein, ikakaribia katakrinein. Hali hii imeimarishwa na mahakama za kikoloni na magazeti yaliyoripoti kesi zake. Matokeo yake ni kwamba katazo la "msihukumu" linasikika kama "msiadhibu, wala msiseme lolote," na amri ya kuwahukumu walio ndani inasikika kama "waadhibuni." Mgongano ambao katika Kiyunani ni wa kadiri, katika Kiswahili unakuwa mkali.

Sasa tulinganishe na Dholuo, lugha ya wale wazee wa kikao nilichokitaja. Katika Dholuo, kuhukumu ni ng'ado bura, msemo ambao wafasiri wa Biblia ya Dholuo nao waliutumia. Ng'ado ni kukata. Bura ni baraza, kikao cha wazee kilichoketi kusikiliza shauri. Twaona kwamba Kiswahili nacho kina kukata shauri, na kwamba lugha zote mbili zinashiriki na Kiyunani ile picha ya kutenga. Lakini msemo wa Dholuo umebeba kitu ambacho neno hukumu halikibebi: umebeba kikao. Kwa maana yake ya asili, mtu hawezi kukata bura peke yake njiani, wala moyoni mwake. Sharti watu wakutane, wenye shauri wasikilizwe, mashahidi waseme, ndipo jaduong' anayestahili akate. Anayesema peke yake juu ya mwenziwe hajakata bura. Amesengenya tu.

Tofauti hii inatusaidia kuliko inavyodhaniwa. Yakobo, kabla ya kuuliza msomaji ni nani hata ahukumu, anaanza kwa kukataza watu kusemana vibaya. Hukumu anayoipinga ni ile ya midomo, isiyo na kikao. Kinyume chake, Paulo katika 1 Wakorintho 5 anasema wazi kwamba jambo lile liamuliwe watakapokuwa wamekusanyika. Hiyo ndiyo bura. Hapana budi kukiri, hata hivyo, kwamba msemo hausemi yote. Nao umezoeleka, na leo watu husema ng'ado bura hata juu ya mawazo ya mtu mmoja. Pia sura ya 4 yaweza kuwa inapinga kikao halisi cha Wakorintho waliotaka kumpima Paulo. Kwa hiyo hatuna budi kuliendea jambo hili kwa njia ya muktadha.

5. Muktadha wa Korintho

Korintho ya wakati ule ilikuwa koloni la Kirumi, lililoanzishwa upya mwaka 44 kabla ya Kristo kwa amri ya Julius Caesar. Katikati ya uwanja wake wa soko palikuwa na bema, jukwaa la mawe ambalo waakiolojia wamelifukua. Kitabu cha Matendo chasimulia kwamba Paulo mwenyewe aliletwa mbele ya liwali Galio mjini humo, na maandishi ya mawe yaliyopatikana Delfi yanauweka utawala wa Galio kwenye miaka ya 51 na 52. Basi wasomaji wa waraka huu walijua kwa macho yao kiti cha hukumu ni nini. Paulo anaposema kwamba hajali kuchunguzwa na wanadamu, maneno yake ya Kiyunani husema, neno kwa neno, "siku ya kibinadamu," yaani siku ya kusikiliza kesi, ili kuipambanua na siku ya Bwana.

Tukisoma kwa kuzingatia hayo, twaweza kuuliza maswali manne kila mahali neno hukumu linapotokea.

Kwanza, ni nani ahukumuye? Katika Warumi 2, ni mtu atendaye yale yale. Katika Warumi 14, ni mtumishi anayejitwalia nafasi ya bwana wa mwenzake. Katika 1 Wakorintho 5, ni kanisa zima lililokusanyika, na katika sura ya 6 ni mwenye hekima aliyechaguliwa kati ya ndugu.

Pili, anahukumu nini? Hili ndilo jambo kubwa. Sura ya 4 yazungumzia yaliyofichika: mashauri ya moyo, uaminifu wa wakili mbele ya bwana wake. Hayo yatadhihirishwa na Bwana atakapokuja, ndiyo sababu katazo lina muda ndani yake: kabla ya wakati. Sura ya 5 yazungumzia tendo ambalo habari zake zimeenea, na ambalo mtendaji wala wenziwe hawalikani. Warumi 14 inahusu vyakula na siku, mambo ambayo kila mmoja ameachiwa dhamiri yake.

Tatu, ni watu gani wamo katika mipaka ya hukumu hiyo? Paulo anasema bayana kwamba walio nje si kazi yake. Kwa hiyo hata amri yake ina ukuta. Wengi wanaoisoma sura ya 5 kwa sauti kubwa huusahau ukuta huo.

Nne, kwa lengo gani? Hata yule mtu wa sura ya 5 anatolewa ili roho yake iokolewe. Katika 2 Wakorintho 2, Paulo anaandika juu ya mtu aliyeadhibiwa na wengi, akisema yatosha, sasa wamsamehe na kumfariji asije akamezwa na huzuni. Wataalamu hawakubaliani kama huyu ni mtu yule yule, lakini kanuni ni moja. Na katika Wagalatia 6, wanaomrejeza aliyekosea wanaamriwa kufanya hivyo kwa upole, huku wakijiangalia wenyewe.

Hivyo basi, Paulo hakusahau aliyoyaandika jana. Alikuwa akizungumza na watu waliofanya mambo mawili kwa kupindua: waliuchunguza moyo wa mtume wao, ambao hawakuweza kuuona, na wakalifumbia macho tendo lililokuwa mbele yao. Sura ya 4 na ya 5 ni pande mbili za karipio moja.

6. Mfano wa Nyanza

Isidhaniwe kwamba haya ni mambo ya kale tu. Uamsho ulioanzia Rwanda na Uganda uliingia Kenya mwaka 1937, ukaenea katika maeneo ya Kianglikana, Nyanza ikiwa mojawapo. Waamsho walisisitiza toba ya wazi na kutembea nuruni. Wengi walipata kwao maisha mapya. Lakini katika Nyanza baadhi yao, walioitwa Joremo, yaani watu wa damu, waliwahesabu Wakristo wenzao, na hata makasisi, kuwa hawajaokoka. Waliojitenga na msimamo huo wakaitwa Johera, watu wa upendo. Kundi hili la pili, likiongozwa na kasisi Matthew Ajuoga, lilitoka katika Kanisa la Kianglikana mwaka 1957, likawa Kanisa la Kristo Afrika, lililoandikishwa mwaka 1958. F. B. Welbourn na B. A. Ogot walilichunguza katika kitabu chao cha mwaka 1966.

Sababu za utengano ule zilikuwa nyingi, zikiwamo za uongozi na za uhusiano na wamisionari. Kwa mwanafunzi wa lugha, hata hivyo, kuna jambo moja lisilopaswa kupita. David Barrett, katika kitabu chake cha mwaka 1968, aeleza jinsi Biblia nzima ya Dholuo ilipotoka mwaka 1953, na jinsi Ajuoga alivyoliona humo neno hera mahali pa upendo wa kindugu wa Kiyunani, akaona kwamba hera hiyo haikuonekana kanisani. Neno moja la tafsiri, lililosomwa katika lugha ya mama, likawa kipimo. Pande zote mbili zilikuwa na maandiko. Moja ilishika wajibu wa kuhukumu walio ndani, nyingine ilishika upendo usiomhukumu ndugu. Kama wangaliuliza pamoja maswali manne tuliyoyataja, hatuwezi kusema wasingalitengana. Ila wangalijua wanatofautiana juu ya nini.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba mgongano wa nyaraka hizi una tabaka mbili. Tabaka la kwanza ni la lugha: Kiyunani kina jamii ya vitenzi, Kiswahili kimevikusanya vingi chini ya neno moja, na neno hilo limeelekea kwenye adhabu. Tabaka la pili ni la muktadha, nalo halitatuliwi kwa kubadilisha maneno peke yake, kwa kuwa krinein yenyewe yatumika katika katazo na katika amri.

Kwa mintarafu ya tafsiri, tungependekeza kwamba anakrinein itafsiriwe kuchunguza au kuhoji katika sura ya 2 na ya 4 kwa pamoja, ili uzi wake uonekane. Kupambanua ibaki kwa diakrinein. Kuamua au kukata shauri itumike kwa krinein panapowezekana. Na kutia hatiani iachiwe katakrinein. Kwa mintarafu ya ufundishaji, wanafunzi wetu wa semantiki wahimizwe kulinganisha Kiswahili na lugha zao za nyumbani. Msemo mmoja wa Dholuo umetufunulia jambo ambalo kamusi isingetufunulia.

Na yule mjane? Nilipokwenda kumjulia hali, nilimweleza haya kwa ufupi, bila Kiyunani. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Wuoda, siku ile waliketi, wakasoma, wakakata. Lakini hakuna aliyeniuliza kitu." Ndivyo ilivyokuwa. Niliyapitia kichwani yote niliyoyakumbuka ya kikao kile: mashitaka, sura ya 5, sura ya 4, ule ukimya, kauli ya mwisho. Krinein ilikuwapo. Anakrinein haikuwapo kabisa.